Fundi wa sare kawashinda madaktari

Mhariri,

Ni miaka tisa sijaandika barua gazetini, lakini ripoti yenu ya juma lililopita kuhusu afya ya wasichana wa shule imenishinda kunyamazia. Mliandika sodo, mimba, basi. Halafu mkatunasihi kina mama tusiwe na papara binti akichelewa kuvunja ungo, kila mtoto na wakati wake. Wimbo huo nimeimbiwa miaka minne.

Binti yangu ana miaka 15. Alizaliwa nyayo zimevimba, tukaambiwa zitanywea, na kweli zikanywea. Masikio hayakumpa nafasi. Kila zahanati ilimpa dawa ya minyoo, ikampima kilo, ikaturudisha nyumbani. Kimo hakuna aliyekipima. Ubao wa kupimia upo ukutani, wametundika kalenda juu yake. Aliyeona ni fundi wa sare pale Kongowea. Kila Januari humpima kwa utepe na kuandika daftarini, na Januari ya tatu akanigeuzia daftari: sketi haijaongezeka hata inchi. "Mama, huyu mtoto vipi?" Ndipo nikadai kwa ukali kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Zikatoka 45 badala ya 46. Eksi moja, kromosomu ya jinsia, haipo; ndiyo siri ya nyayo, masikio, kimo na ungo. Ni sindromu ya Turner, iliyoelezwa na daktari wa Marekani tangu 1938, na humpata msichana mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500 hivi. Hakurogwa, shangazi zake wasikie, wala si kosa la tumbo langu. Estrojeni, homoni ya kuvunja ungo, ilifaa aanzishwe kidogo kidogo akiwa na miaka 11 au 12, na homoni ya kimo mapema zaidi, kabla mifupa haijafunga na kuacha kurefuka. Moyo na figo ndiyo kwanza vinapigwa picha sasa, ilhali mshipa mkuu wa moyo waweza kuwa umebana tangu tumboni na mtoto anacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira!

Na makanga wa matatu za Kisauni nao. Gari likijaa, "Mama, mpakate mtoto." Mtoto wa kidato cha pili! Nauli lakini wanatoza ya mtu mzima. Siku moja walipomwita hivyo alishuka Mwembe Tayari, akatembea peke yake mbele yangu bila kugeuka.

Nashauri wizara iajiri mafundi cherehani. Bajeti isipotosha, basi mtu aitoe ile kalenda. Hata hivyo ni ya 2021.

Mama wa Kisauni,
Mombasa