Makontena yanaongezeka, nguo za kuuzika zinapungua

Mhariri,

Kila ukikaribia msimu wa bajeti, mitumba hurudi magazetini kwa sura mbili. Ama ni biashara inayokua na kuwapa vijana ajira, ama ni takataka za Wazungu zilizoua viwanda vyetu na zinafaa kupigwa marufuku. Mimi nanunua kwa belo hapa Ilala na kuwauzia wenye meza na wanaotembeza mikononi. Katika mabishano hayo yote bado sijasikia mtu akiuliza tunachoulizana sisi kila alfajiri pale soko la mitumba la Karume: ndani ya belo kuna nini, na likitoka bovu nani anakula hasara?

Kwa wasioijua biashara hii, mwenye kontena hauzi nguo. Anauza uzito. Belo la kawaida ni kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda, na ubavuni limeandikwa kwa kalamu nene "blauzi za kike gredi A" au "jinzi mchanganyiko". Huruhusiwi kulikata kabla hujalipa, na ukishalikata ni lako. Belo likifunguliwa, wanaokuja kupointi huchukua vile vipande vikali kwa bei ya juu. Vinavyofuata hupanda mezani. Vinavyobaki humwagwa chini kwenye turubai kwa buku buku, na vya mwisho kabisa ni madekio ya gereji. Ukitazama vizuri, mtaji wote unarudishwa na vile vipande vichache vya mwanzo. Visipokuwemo, unaweza kuuza belo zima hadi uzi wa mwisho na bado usipate pesa ya kununulia lingine.

Na vipande hivyo vinapungua. Hili si suala la nyota mbaya, ni safari ya nguo yenyewe imebadilika. Wakati mitumba inaanza kumiminika, baada ya biashara kufunguliwa miaka ya 1980, nguo iliyotolewa msaada Ulaya ilikuja huku ikiwa haijapitiwa sana. Watu waliziita kafa Ulaya na kuzivaa kwa miaka. Siku hizi mwenye koti zuri kule halipeleki kwenye sanduku la msaada. Analipiga picha na kuliuza mwenyewe kwenye Vinted, kampuni iliyoanzia Lithuania mwaka 2008, au kwenye majukwaa mengine ya aina hiyo. Lililoshindikana kuuzika ndilo linaloingia kwenye sanduku. Kutoka hapo linapelekwa kuchambuliwa, pengine Poland, pengine Sharjah, Karachi au Kandla kule Gujarat, India, na kila linapopita kuna mkono unaochomoa kilicho bora kwa ajili ya soko lenye pesa zaidi. Belo likishushwa katika Bandari ya Dar es Salaam limeshachaguliwa mara tatu au nne na watu wasiotujua.

Nguo zenyewe nazo si zile. Dunia inashona nyingi, kwa bei ya chee, na kwa poliesta. Blauzi iliyoshonwa ivaliwe mara tatu kwa ajili ya picha haiwezi kuwa mtumba mzuri hata ikifika hapa na lebo yake. Sisemi hivyo kwa kuuchukia mzigo wa Asia. Mtumba wa Korea, kwa mfano, ukiupata halisi, ni mali safi: saizi zinaendana na watu wetu na vifungo viko vyote. Hata wa China una wateja wake, hasa nguo za watoto. Tatizo ni kwamba maandishi ya ubavuni hayakuambii umenunua upi. Kuna belo limeandikwa UK ambalo nina hakika halijawahi kuiona London.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa wanaosifu ukuaji walitazame. Tangu Januari 1, 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine. Ni sheria nzuri kwao, lakini maana yake ni kwamba marundo yanayotafuta pa kwenda yatakuwa makubwa zaidi, huku nguo nzuri ndani yake zikiwa chache. Wachambuzi wa nguo wa kule wenyewe wamelemewa: Soex ya Ujerumani, mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2024. Mwaka huohuo Ufaransa, Sweden na Denmark zilipendekeza Mkataba wa Basel, ule wa taka hatarishi, utumike kudhibiti usafirishaji wa nguo zilizotumika kwenda nje. Wenye mali wenyewe wameanza kuona haya na kile wanachotutumia. Sisi tunahesabu makontena na kuita maendeleo. Majirani zetu Kenya waliingiza takriban tani 185,000 mwaka 2019, sawa na makontena kama 8,000, na takwimu hiyo hunukuliwa sana. Haisemi ni tani ngapi zilivaliwa.

Ushuru wetu unalifanya jambo hili kuwa baya zaidi. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mitumba hutozwa asilimia 35 ya thamani au kiwango fulani kwa kila kilo, kile kitakachokuwa kikubwa. Kilo haina macho. Shati la pamba lisilo na doa na fulana iliyokakamaa kwa jasho kwapani vinalipiwa sawasawa, na anayelipa mwishoni ni mimi, kwa sababu mwagizaji ameshaipachika gharama hiyo kwenye bei ya belo pamoja na nauli ya meli. Nauli nayo, tangu meli za Ulaya zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, imetupa presha ya kutosha.

Serikali inajua vizuri sana kumlinda mtu kwenye uzito. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa miaka nenda rudi, ili mkulima wa viazi wa Njombe asilipwe gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Belo letu ni lumbesa iliyogeuzwa: mizani inasoma sawa, kilichopunjwa ni mali iliyomo. Gunia la viazi unaweza hata kulitoboa ukachungulia. Mimi nalipa laki sita kwa kitu kilichofungwa, napewa risiti ya EFD iliyoandikwa "belo 1", na nikirudi na makoti yaliyochanika naambiwa biashara ya mitumba ndivyo ilivyo.

Sitaki kuwasingizia wageni peke yao. Wapo miongoni mwetu wanaofungua belo bohari, wakachomoa vikali, wakajazia mabaki ya belo jingine na kulifunga upya kwa mikanda mipya. Mwenye uzoefu huwa anaangalia mkanda na jinsi pembe zilivyokaa, lakini binti aliyechukua mkopo wa kikundi kuanza biashara atajulia wapi? Ndiye anayeuziwa. Sasa kuna na hili la kuagiza kwa WhatsApp kutoka mikoani: mtu yuko Sumbawanga, anatumiwa video ya belo likifunguliwa, nguo zinang'aa, anatuma pesa, anapelekewa belo jingine kabisa. Vivyo hivyo na nguo za ndani zilizotumika. Zimepigwa marufuku nchini, lakini zikikamatwa hukamatwa mezani kwa mchuuzi, wakati ziliingia zimefichwa katikati ya belo lililopita bandarini likiwa limefungwa.

Kuhusu kupiga marufuku, tulishajaribu. Wakuu wa nchi wa Jumuiya walikubaliana Arusha, Machi 2016, kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, nasi na Uganda tukalegea. Rwanda peke yake ilisimama na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Naiheshimu kwa msimamo huo, ingawa magendo yaliendelea kupenya kutoka upande wa Congo. Wanaotaka Urafiki, kile kiwanda cha nguo, irudi kama ilivyokuwa wakati wa Mwalimu, nami naitaka. Lakini pamba ya Simiyu na Shinyanga kwa sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa ghafi, na kuliziba soko la Karume hakutaifuma. Nguo mpya ya bei rahisi itakayoziba pengo hilo itatoka ng'ambo hiyohiyo, nyingi ikiwa poliesta.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Kila belo linaloingia liwe na lebo iliyoshonwa, si maandishi ya kalamu, inayotaja nchi lilikochambuliwa, jina la aliyelichambua, gredi, na idadi ya vipande. Lebo hiyo inukuliwe kwenye risiti. Katika kila kontena yafunguliwe mabelo machache yaliyochaguliwa bila mpangilio, mbele ya mkaguzi na wawakilishi wa wanunuzi, kabla mzigo haujatoka bohari. Gredi A ikikutwa ni gredi C, ushuru wa adhabu umwangukie mwagizaji, na mnunuzi awe na siku chache za kurudisha belo lisilolingana na lebo yake. Tume ya Ushindani tunayo, na kumlinda mlaji ni moja ya kazi zake. Hatuhitaji kuunda chombo kipya chenye magari mapya.

Waagizaji watasema bei itapanda. Ipande. Belo la laki sita na nusu ambalo najua lina nini ni nafuu kuliko la laki sita ninalolikata huku moyo ukinienda mbio, na wenzangu wengi wa Ilala, tukikaa kwenye chai ya saa kumi na moja alfajiri, wanasema watalinunua. Tatizo ni kwamba hakuna anayetuuliza. Kwenye vikao na wizara huitwa waagizaji, kwa sababu wao ndio wenye ofisi na anwani.

Mfanyabiashara wa mitumba,
Ilala, Dar es Salaam