Barua ya wazi kwa katibu wa tawi letu: njoo mwezi wa tano, hoteli zikiwa zimefungwa

Kwa Bwana Katibu wa tawi, chama chetu cha wafanyakazi wa hoteli, Malindi

Assalaam alaykum Bwana Katibu, na pole na kazi. Naiandika barua hii hapa wazi manake ofisini nimeshakuja mara mbili mwaka huu nikakuta mlango umefungwa, na najua eneo ni kubwa na wewe ni mtu mmoja, leo uko Watamu kesho uko kortini, kwa hivo sikuja kukugombeza. Mimi ni mama wa rumu, natandika vitanda na kusugua vyoo kwenye hoteli moja ya ufuoni, huu ni mwaka wangu wa 14, na ada ya chama nakatwa tangu mwaka wa pili, sijawahi hata siku moja kuandika barua ya kujitoa. Nataka ulijue hilo mapema usije ukanisoma kama mtu anayepinga chama. Mimi ndio yule ambaye wakija vijana wapya nawaambia jazeni fomu.

Sasa ilikuwa hivi. Mwezi uliopita tulikuwa nyuma ya londri tunangoja gari la kutupeleka nyumbani usiku, kijana mmoja wa restorenti, wa kontrakti, akatoa pesilipu yake akaniambia mama hebu niangalizie hii. Nikamwangalizia kwa tochi ya simu. NSSF ya uzeeni ipo, SHA ya matibabu asilimia 2.75 ipo, ile ya nyumba asilimia 1.5 ipo, alafu kuna advansi aliyochukua mtoto wake alipolazwa. Kile kilichobaki chini alikizungushia kalamu. Akaniuliza, na hapa nijaze tena fomu ya chama nikatwe mia mbili na hamsini? Kwani watanifanyia nini?

Nikamwambia jaza. Akasema mama nieleze, usiniambie jaza tu. Na gari lilichelewa siku hio, basi nikaeleza.

Nilianza mbali. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli bandarini Mombasa, na kabla sijasoma popote nilisikia kwake habari za mgomo wa Januari 1947, vile makuli walitoka, watu wa reli wakatoka, wa mahotelini wakatoka, hata waliokuwa wakipikia wazungu majumbani waliacha masufuria mekoni wakatoka, watu kama elfu 15, mji ukalala karibu wiki mbili. Baada ya hapo ndio serikali ya mkoloni ikaweka baraza la kuangalia mishahara ya Mombasa na mishahara ikapandishwa. Chege Kibachia aliyekuwa akiwaongoza alishikwa mwaka huohuo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet huko Baringo, mbali na bahari na mbali na watu wake. Makhan Singh, mwanzilishi mwengine wa vyama vya wafanyakazi Kenya, naye akashikwa 1950 asiachiliwe mpaka 1961. Nikamwambia yule kijana, hawa watu hawakuwa na Fomu S, ile ya kujiunga na chama na kukubali kukatwa ada, wala hakuna bosi aliyekuwa akiwakatia ada na kupeleka, walitoa vya mfukoni, na walichokipata ndicho tunachokikalia sisi leo tukiuliza chama kina faida gani.

Alafu nikamwambia la sheria, manake kilichokuwa kinamtisha si zile mia mbili na hamsini peke yake, siku anasaini kontrakti aliambiwa na mtu wa ofisini kwetu kwamba hapa hatutaki siasa za chama. Nikamwambia Katiba ya 2010 kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kuingia na kushiriki, hata kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema ukijaza Fomu S ikapelekwa, mwajiri ana siku 30 awe ameanza kukata na kutuma, na wewe ukichoka nacho unaandika barua unajitoa, hufungwi kamba. Na Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba kuwa memba wa chama si sababu ya kumfukuza mtu kazi. Yale maneno ya ofisini yanatisha kwa sababu watu hawajui haya, na hawajui kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaambia. Bwana Katibu hio kazi nimeifanya mimi nikiwa na ndoo mkononi, sijalipwa wala sitaki kulipwa, lakini ni kazi yako.

Nikamwelezea pia habari ya mwenzetu mmoja wa rumu, hii wewe mwenyewe unaijua manake ni wewe uliyekuja. Alitoka kujifungua, anarudi anaambiwa nafasi yake imejazwa asubiri atapigiwa simu. Shopu stiwadi wetu wa wakati ule, yaani mwakilishi wa chama hapo kazini, akakupigia, ukafika asubuhi yake, ukaingia ofisini kwa meneja na karatasi zako, mkatoka saa sita na dada akarudi kwenye korido yake siku ya pili. Mtoto yule sasa yuko gredi ya tatu. Kila nikimwona na begi lake la shule namuona na chama, wallahi. Mia mbili na hamsini kwa mwezi haimpeleki mtu kwa wakili hata mlangoni.

Na wale wanaosema mimi sijiungi lakini mishahara ikipanda itapanda na yangu, hao nao nilimgusia. Mkataba wa CBA, ule wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, ukishasainiwa unamfunika mfanyakazi wa daraja letu hata kama si memba, na sheria inaruhusu akatwe ejensi fii, yaani ada ya asiye memba anayefaidika na mkataba, kwa agizo la waziri. Kuna mzee mmoja wa gadini alikatwa hio akapiga kelele wiki nzima kwamba ameibiwa. Kama hukutaka kuwa memba na bado unalipa, si bora ulipe ukiwa ndani upige kura, uulize pesa zimeenda wapi, umwambie katibu wewe hukufanya kazi tunamtaka mwengine? Mwenye ejensi fii analipia chakula lakini hana ruhusa ya kuingia jikoni kuonja chumvi.

Mpaka hapo kijana alikuwa ameshalainika. Alafu akauliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake, na hilo ndilo lililonitoa usingizini mpaka nikakaa kuandika. Alisema, mama, mwezi wa nne wakitufungia, mimi bado ni memba?

Wewe ni mtu wa hapa Bwana Katibu, huhitaji kuelezewa masika, lakini wacha niseme kwa ajili ya wale wasioishi ufuoni. Pasaka ikipita wageni wanakwenda, kusi inaingia, bahari inageuka rangi ya chai kwa matope ya mto Sabaki, mwani unajaa ufuo mzima mpaka unanuka, na hoteli nyingi zinafunga. Wanabaki walinzi, fundi wawili watatu na mtu wa swimingi puli. Sisi wengine tunapewa barua, tunarudisha yunifomu, tunaambiwa tutaitwa. Yaani miezi mitatu hata minne hakuna mshahara. Huyu atauza viazi karai, huyu ataazima tuktuk ya shemeji yake, huyu atarudi shamba kwao Magarini akalime, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini karo ya shule haijui kwamba wageni wamekwenda. Alafu mwezi wa saba simu zinaanza kulia, ya huyu inalia ya yule hailii.

Hapo ndipo palipo na shida zote Bwana Katibu. Nani anaitwa kwanza, nani haitwi kabisa, hakuna karatasi inayosema. Mkuu wa idara anaandika majina anavotaka yeye. Niliona mwanamke aliyefanya miaka tisa akiachwa na akaitwa msichana wa wiki mbili. Nimeona watu wakipeleka kuku na mchele nyumbani kwa mtu ili jina liingie kwenye listi. Na kina dada wanajua wanachoambiwa watoe wasio na kuku, sitaliandika hapa zaidi ya hivo, ila wewe ukikaa na sisi bila wanaume utaambiwa.

Na huyo mtu aliyekaa nyumbani miezi minne, chama hakimjui. Ada inakatwa kwenye mshahara, mshahara hakuna kwa hivo ada hakuna, kwenye daftari lako jina limelala. Mwaka juzi mwenzetu wa jikoni hakuitwa, akaja ofisini mwezi wa nane kushtaki, akaambiwa ada yake ina mwanya tangu mwezi wa nne. Alikuwa amelipa miaka 11. Mimi mwenyewe nikihesabu kwa kiwango cha sasa, miezi tisa kwa mwaka, nimeshatoa kama elfu 30, si pesa ndogo kwa mtu wa rumu, na kila mwaka kuna miezi mitatu ambayo sina kazi na sina chama, na ndio miezi ninayohitaji chama zaidi ya yote. Mwezi wa kumi na mbili hoteli imejaa, meneja anacheka, tips zipo, nani ana shida na katibu? Lakini ndio wakati mnakuja, na kofia na tisheti.

Ukifikiria sana utaona tunachofanyiwa na waajiri ndicho hichohicho tunafanyiwa na daftari la chama. Mwajiri anaikata kazi yetu vipande vya miezi tisa tisa ili kila mwaka tuwe wapya. Sheria ya Ajira kifungu cha 37 inasema hata kibarua wa kutwa akifanya mfululizo mwezi mzima, au kazi yenyewe ni ya kuchukua zaidi ya miezi mitatu, basi si kibarua tena, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Sasa mimi wa mwaka wa 14, vitanda vilevile, korido ileile, ni mpya kwa nani? Hili swali ni la kupelekwa kortini na chama, si la kupelekwa na mtu mmoja mmoja anayeogopa listi ya mwezi wa saba.

Na hata kwa hesabu ya chama chenyewe sisi wa msimu tuna maana. Ili mwajiri alazimike kukitambua chama, sheria inataka wafanyakazi wanaoweza kuingia chama wawe wamejiunga zaidi ya nusu. Hoteli ya watu 60 inataka 31. Kwetu wa kudumu hawafiki hata 25. Fomu zilizobaki utazitoa wapi kama si kwetu sisi wa msimu? Kuna hoteli kadhaa hapa mjini hazina mkataba mpaka leo, na mimi naamini sababu moja ni hii, watu wa msimu hawajiandikishi kwa sababu hawaoni chama kikiwajua wakiwa nje ya geti.

Kwa hivo ninachokuomba ni hiki. Njoo mwezi wa tano. Usije hotelini, hoteli imefungwa, njoo mtaani, Maweni au Kisumu Ndogo au Muyeye, hata chini ya mwembe tutakaa, tutakupikia chai na mahamri. Uje na daftari, utuandike sisi wa msimu kama memba wa mwaka mzima, na kwa ile miezi ya kufungiwa tuweke ada ndogo ya kutuma kwa M-Pesa, hata hamsini, watu watatoa, nimewauliza. Na mkataba ukija kujadiliwa tena, kitu cha kwanza kabla ya nyongeza ya mshahara kiwe ni mpangilio wa kuitana, aliyefanya muda mrefu aitwe kwanza, listi ibandikwe ukutani na shopu stiwadi awe na nakala yake. Mimi niko tayari kukosa nyongeza mwaka mmoja ili hilo lipatikane, na si mimi peke yangu. Nyongeza ya asilimia ngapi sijui itamsaidia nini aliyeachwa nyumbani?

Alafu hesabu. Najua kila mwaka chama kinatakiwa kipeleke kwa Msajili wa vyama hesabu zilizokaguliwa. Tunaomba na sisi tusomewe, kwa Kiswahili, ya tawi letu tu, kwamba Malindi ilileta hiki na ikatumia hiki, mafuta ya gari kiasi hiki, kesi kiasi hiki. Watu wanaposema mnakula pesa mimi huwa nawabishia, nawaambia kesi moja tu kortini inaweza kuburutwa miaka na mafuta ya kwenda Mambrui na kurudi hayaji bure, lakini nabisha kwa imani tu, sina karatasi mkononi. Nipe karatasi nibishe vizuri.

Fomu nimezichukua kwa shopu stiwadi, ziko kwangu kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Zilizojazwa ni 19, wote ni wa kontrakti. Ya mwisho ni ya yule kijana wa restorenti, ameandika jina, ameandika namba ya kitambulisho, pale pa saini amepaacha. Kasema atatia saini mbele yako mwezi wa tano.

Ni mimi mama wa rumu, Malindi