Chai yetu inashindwa kabla ya kufika lami

Mhariri,

Kila yakianza mazungumzo ya nchi yetu kushindana kibiashara, huishia bandarini, kwenye reli ya SGR na kwenye Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Sina ugomvi nayo. Ila sisi wakulima wa chai wa Rungwe tunashindwa mapema zaidi, kwenye kilomita sita za udongo kati ya banda la majani na lami.

Jani bichi halingoji. Likichumwa asubuhi linatakiwa liwe kiwandani siku hiyo hiyo, halijapata joto wala kubanwa. Machi iliyopita gari la majani lilikwama kwenye mteremko wa kijijini kwetu tangu saa nane mchana. Tulisukuma, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, wapi! Trekta lilikuja usiku. Nilipotia mkono kwenye kiroba nilikuta joto kama la makande yaliyotoka kuepuliwa, na jani limegeuka rangi ya shaba. Nusu ilipokewa, nusu ikamwagwa. Vibarua nilishawalipa, maana wao hulipwa kwa kilo walizochuma.

Na chai huchipua sana wakati wa mvua. Msimu wa majani mengi ndio huo huo msimu wa matope.

Likifika salama, kuna umeme. Chai ikiwa inachachuka halafu umeme ukakatika, utakaporudi imeshapitiliza. Jenereta ipo, lakini dizeli yake inaingia kwenye gharama ya kila kilo. Wenzetu Kenya, baadhi ya viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, vimejijengea mitambo midogo ya umeme wa maji. Mito hata sisi tunayo, na mvua ya Tukuyu ndiyo usiseme.

Mnadani, iwe Mombasa au huu wa Dar es Salaam ulioanza 2023, mnunuzi anaonja kikombe, haulizi barabara ilikuwaje. Jani lililoungua linapata bei ya jani lililoungua, na kwenye orodha linaandikwa Tanzania, si jina la ule mteremko.

Hatuombi lami. Tunaomba kifusi, mitaro na makalavati mawili, na kazi ifanyike Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Mwaka jana greda lilikuja Januari, mvua zimekolea. Likachonga siku mbili, siku ya tatu likakwama lenyewe.

Mkulima wa chai,
Tukuyu, Rungwe