Foleni isiyo na chanzo

Ndugu Mhariri,

Foleni ya Barabara ya Morogoro ikiandikwa gazetini, watuhumiwa ni wale wale: barabara nyembamba, trafiki aliyeruhusu upande mmoja mno, lori lililokufa mlimani. Mimi nasemea ile nyingine, ya Jumapili jioni watu wanaporudi Dar kutoka Kibaha. Mnasimama, mnasogea, mnasimama tena, mara njia nyeupe. Hukuona ajali, hukuona trafiki, hata gari bovu hukuliona.

Nafundisha hisabati sekondari. Darasani nina kipande cha plaiwudi nilichochora duara la miraba 60, na magari ni vizibo 18 vya soda. Kanuni ni za Wajerumani Kai Nagel na Michael Schreckenberg, za mwaka 1992. Kila zamu, kizibo kinaongeza mwendo kwa mraba mmoja, mwisho mitano. Nafasi ya mbele ikiwa haitoshi, kinapunguza kisigonge. Halafu dadu: ikitoka moja, dereva kazubaa, anapunguza mraba mmoja bila sababu. Basi.

Bila dadu, vizibo vilivyopangwa kwa nafasi zinazokaribia kulingana vitazunguka mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Ingiza dadu, haichukui muda vinne vitano vimegandana. Cha mbele kinachomoka, kingine kinajiunga nyuma, na lile rundo linarudi kinyumenyume ilhali hakuna kizibo kinachorudi nyuma. Hapo ndipo wanafunzi huanza kupiga honi kwa midomo.

Wajapani wakafanya kwa magari ya kweli, wakachapisha mwaka 2008: magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, madereva wameambiwa waende kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa wala makutano. Foleni ikazuka yenyewe, ikawa inarudi nyuma kwa kama kilomita 20 kwa saa.

Ukimbana wa mbele, yeye akigusa breki wewe unaikanyaga, wa nyuma yako anaikanyaga zaidi, na wa mbali huko anasimama kabisa asijue kwa nini. Dawa ni kuacha mwanya mbele yako.

Najua jibu la madereva wa daladala: ukiacha mwanya, bajaji inachomekea. Kweli, na mwenye kudaiwa hesabu ya tajiri jioni simlaumu sana. Lakini aliyechomekea amekula sekunde chache tu. Achia mafuta kidogo, mwanya unarudi. Wala si lazima tubadilike sote. Huko Arizona, Marekani, gari moja kati ya 20 hivi liliongozwa na kompyuta kwa mwendo wa utulivu, na breki kali zikapungua katika msafara mzima.

Ombi langu ni kwa shule za udereva. Mnafundisha kuegesha kinyumenyume na alama za barabarani. Fundisheni na mwanya wa sekunde mbili nyuma ya gari la mbele, kwa vitendo, si kwa karatasi ya mtihani. Atakayetaka plaiwudi yangu nitamletea, vizibo aje navyo.

Mwalimu wa Hisabati,
Kimara, Dar es Salaam