Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania: Kifaa kilichoshindwa ndani ya ubongo kisichomwe moto

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kwa sababu ya pipa la taka. Mimi ni muuguzi katika chumba cha kutibu mishipa ya damu ya ubongo bila kufungua fuvu, ambamo daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, huisogeza hadi kichwani huku akiifuatilia kwa eksirei, kisha hujaza koili za platinamu, laini kama unywele, ndani ya mshipa uliotuna ili usipasuke.

Siku moja koili iligoma kuachia waya unaoisukuma. Daktari alipoivuta nyuma, ikafumuka na kunyooka ndani ya katheta kama uzi wa sweta. Karibu saa nzima ilipita kabla haijatolewa yote, na mgonjwa, namshukuru Mungu, alipona. Tulipopata kuhema nililitafuta boksi ili ninakili namba ya toleo: lilikwishatupwa, na koili yenyewe, imeviringishwa kwenye shashi yenye damu, ilikuwa ndani ya mfuko wa taka hatarishi ikisubiri tanuri. Kwenye faili yakabaki maneno matatu, "ugumu wa kiufundi".

Desemba 2020 kampuni ya Penumbra ya Marekani iliziondoa sokoni katheta zake za JET 7 Xtra Flex, zinazofyonza damu iliyoganda kwenye ubongo wa mgonjwa wa kiharusi, kwa kuwa ncha yake iliweza kutanuka, kupasuka au kukatika. FDA, mamlaka ya huko inayofanya kazi kama yenu, ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 200, zikiwamo za vifo vya wagonjwa 14. Hospitali moja ikiona ncha moja imepasuka, hudhani mkono wa daktari ndio uliokosea. Taarifa zikikusanywa mahali pamoja ndipo kasoro ya kifaa huonekana. Sisi, ambao wagonjwa wetu ni wachache na koili moja huweza kuchangiwa na ukoo mzima, hatuna taarifa hata moja ya kupoteza.

Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, imewapa ninyi kazi ya kufuatilia usalama wa vifaa hivi. Naomba mwelekeze kila hospitali ihifadhi kifaa kilichoshindwa pamoja na boksi lake hadi mtakaporuhusu kiteketezwe, na stika ya namba ya toleo ibandikwe kwenye faili la mgonjwa kabla hajatoka mezani. Anayetoa taarifa asihojiwe kama mtuhumiwa, maana hofu hiyo, kuliko uzembe, ndiyo inayojaza lile pipa. Na mtakachobaini kimrudie.

Koili ya siku ile siwezi tena kukuletea. Kwa itakayofuata nimekwishatenga kopo la sampuli lenye kifuniko, kabatini karibu na mlango, na ninasubiri kuelekezwa pa kulipeleka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi