Safari ya kuacha mkaa tuianzie kwenye maji ya chai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, ukiwa na lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Jambo hilo ni maji ya chai. Kila zinapotajwa habari za nishati safi tunaonyeshwa mitungi ya gesi ikigawiwa kwa wananchi, na mitungi hiyo siipingi hata kidogo. Lakini kazi ya kwanza inayowasha jiko la mkaa alfajiri katika nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Mkuyuni na Nyakato, hapa Mwanza, si ugali wala maharage, ni chai. Kazi hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuiondoa kwenye mkaa, kwa sababu umeme wa kuifanya tayari umo ndani ya nyumba.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa jijini, na sababu ninayoelezwa karibu kila ninapoingia ni moja: birika la umeme linakula LUKU, yaani linamaliza haraka umeme wa kulipia kabla. Naelewa hofu hiyo inakotoka. Mtu akigeuza kitako cha birika akakuta pameandikwa wati 2,000, wakati taa yake ya sebuleni ni ya wati 10, anaona kana kwamba anawasha taa mia mbili kwa mpigo. Kinachosahaulika ni muda. Maji ya bomba huku kwetu huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na kwa kuwa Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya Mwanza huanza kutokota kwenye nyuzi 96 hivi, kabla hayajafika 100. Kuchemsha lita moja, pamoja na joto linalopotelea hewani, kunahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, na kazi hiyo huisha kwa dakika tatu au nne. Taa ile ya wati 10 ikiachwa iwake kwa saa 10 usiku, hutumia umeme uleule.

Uniti moja, basi, huchemsha lita 10 za maji ya chai. Mtumiaji wa kawaida wa majumbani hulipa takriban Sh356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hivyo lita moja inamgharimu Sh36 hivi. Aliye katika kundi la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa takriban Sh122 kwa uniti, na kwake lita hiyo ni Sh12 tu. Familia inayochemsha lita mbili kila siku hutumia uniti sita kwa mwezi, ambazo hata kwa bei ile ya juu hazifiki Sh2,200. Naomba kila mama na kila baba anayenunua mkaa wa kupima aweke kiasi hicho kando ya fedha anazomkabidhi muuza mkaa kwa mwezi, kisha aamue mwenyewe.

Hasara ya mkaa kwenye chai haitokani na bei yake pekee, bali na namna unavyowaka. Jiko la bati huwashwa kwa mafuta ya taa au, vibaya zaidi, kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Mtu hupepea mpaka makaa yashike, ndipo abandike sufuria. Maji yakishachemka na chai ikishanyweka, watoto wanaondoka kwenda shule na makaa yaliyobaki yanaendelea kuteketea hadi kuwa majivu bila kumpikia mtu chochote. Katika matanuri yetu ya kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo sita hadi 10 za kuni, kwa hiyo kinachoteketea pale uani ni zaidi ya macho yanavyoona. Wapo wanaotumia makaa ya mwisho ya chakula cha usiku kuchemsha maji na kuyahifadhi kwenye chupa ya chai hadi asubuhi, na hao wanafanya jambo la busara, maana moto huo ungepotea bure. Ninachokipinga ni kuwasha jiko zima kwa ajili ya vikombe vinne. Na msimu wa mvua, jiko hilo linapoingizwa chumbani na madirisha yakafungwa, linatoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Gesi ni nzuri, ni ya haraka, na kwa anayepika chai ya maziwa haina mshindani. Lita moja ya maji hula takriban gramu 15 za gesi. Tukichukulia kwamba kujaza mtungi wa kilo sita ni Sh24,000, lita hiyo inagharimu Sh60 hivi. Ni ghali kuliko umeme, ingawa si kwa kiasi cha kumkosesha mtu raha. Ushauri wangu kwa mwenye mtungi ni achemshe maji kwenye birika la umeme na kuachia gesi kazi ya maziwa na mboga, na mtungi wake utadumu zaidi. Maziwa yasitiwe kabisa ndani ya birika la umeme, kwa sababu hushika chini, huungua na kufurika, na birika likishafikia hapo ni vigumu kulirudisha katika hali yake. Kuhusu jiko la mafuta ya taa sina la kusema zaidi ya kwamba harufu yake hufika mpaka kwenye kikombe.

Birika lenyewe ni chombo cha kutegemewa kikitumiwa inavyopasa. Karibu na swichi yake mna kipande chembamba cha metali mbili zilizounganishwa. Mvuke ukikifikia kinajikunja na kukata umeme. Ndiyo maana mtu akiacha kifuniko wazi birika halizimi, maji yanatokota mpaka yanakaribia kukauka, na lawama zote anatupiwa aliyemuuzia. Maji ya ziwa letu ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo birika la Mwanza halijengi ukoko haraka kama la mtu anayetumia maji magumu ya kisima. Tena, kwa wanaochota maji ziwani kwa ndoo, maji yaliyotokota kweli yamekwisha kufa vimelea vya kipindupindu na kichocho, na nyuzi 96 za huku kwetu zinatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Hatari kubwa ninayokutana nayo iko ukutani. Mabirika mengi yanayouzwa mjini huja na plagi ya pini mbili za duara, wakati soketi zetu ni za pini tatu. Mtu huchukua kalamu au kijiti, akakiingiza kwenye tundu la juu ili milango ya soketi ifunguke, kisha akasukuma plagi kwa nguvu. Birika linawaka, lakini waya wa ethi haujaunganishwa na chochote, na siku umeme utakapovuja kwenye bati la birika, mkono wa mtumiaji ndio utakaokuwa njia ya kwenda ardhini. Plagi ibadilishwe iwe ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea tisa, na ekstensheni nyembamba za bei ya chini, ambazo tayari zimebeba televisheni na friji, haziwezi mzigo huo: waya hupata moto, plastiki inalainika, na mara nyingi ninaitwa soketi ikiwa imekwisha kuwa nyeusi. Ile hita ya koili inayotumbukizwa kwenye ndoo, inayopendwa na wanafunzi wa hosteli, mimi siishauri kabisa. Ikiwashwa nje ya maji huungua mara moja, na wengi hupima joto kwa kutia kidole wakati bado ina umeme.

Najua kwamba haya hayamhusu kila mtu wa mwambao wa ziwa. Aliyeko kisiwani mwenye sola ndogo ya taa na kuchajia simu hawezi kuchemsha birika kwa paneli ya wati 50, na haifai kumwambia ajaribu. Huyo anahitaji gesi inayomfikia kwa boti kwa bei isiyomuumiza, au jiko banifu la kuni lililotengenezwa vizuri.

Kwa wakazi wa mjini, kikwazo ninachokiona kigumu kuliko bei ni nyumba za kupanga. Vyumba vinane vinatumia mita moja ya LUKU, kila mpangaji anachanga sawa na mwenzake, na masharti ya kwanza anayopewa mgeni anapohamia ni kwamba birika la umeme, hita na pasi ni marufuku. Simlaumu moja kwa moja mwenye nyumba, kwa sababu ugomvi wa uniti umevunja ujirani wa watu wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba mpangaji mwenye umeme ndani ya chumba chake analazimika kununua mkaa. Isitoshe, vyumba vinane vikijumlishwa kwenye mita moja huvuka uniti 75 mapema, na hivyo watu wa kipato kidogo wanapoteza bei nafuu iliyowekwa kwa ajili yao.

Naiomba wizara inayohusika na nishati, pamoja na shirika letu la umeme, waweke utaratibu wa kumrahisishia mwenye nyumba ya kupanga kufunga mita kwa kila mpangaji, gharama zikilipwa kidogo kidogo kupitia manunuzi ya umeme. Naomba pia birika la umeme lenye plagi ya pini tatu na nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liingizwe kwenye orodha ya vifaa vinavyopewa ruzuku, sambamba na mitungi ya gesi. Na wenye nyumba ambao bado wanasubiri mita hizo, ninawasihi waruhusu birika kwa makubaliano ya kuongeza Sh2,500 kwa mwezi kwa kila anayelitumia, kwani kwa hesabu niliyoionyesha hapo juu, kiasi hicho kinafidia lita mbili za kila siku na chenji inabaki.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme, Nyakato, Mwanza.