Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi: mwamba tuliufunga sisi, wakavuna wengine

Mheshimiwa Waziri, assalaam aleikum, na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa kijiji kimoja cha pwani huku Mtwara vijijini, kazi yangu kuchokoa pweza na kuuza samaki wa kukaanga, alafu tangu mwaka juzi ni mhazini wa BMU ya hapa kwetu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi na bahari ya kijiji. Kijiji sikitaji jina mana sitaki barua hii igeuke kesi ya mtu fulani na ofisi fulani, ninachotaka ni wewe mwenyewe usome na utusaidie kitu kimoja, makubaliano ya maandishi ya kutupa nguvu ya kulinda mwamba wetu wa pweza, nitayaeleza huko mbele. Naandika kwa simu kwahiyo nisamehe nikirukaruka.

Sisi wamama wa hapa hatuna vyombo. Maji ya bamvua, yale ya mwezi mpya na mwezi mpevu yanayotoka mpaka mbali, yakishatoka, saa nne saa tano asubuhi, tunashuka kwa miguu mpaka mwambani na vyuma vyetu, kanga tumezifunga kiunoni na viatu vya plastiki miguuni mana miiba ya mle haina huruma. Mama yangu alinifundisha nisimtafute pweza, nitafute mlango wake. Pweza akishakula kaa anatupa maganda nje, na vijiwe anavipanga kwenye mdomo wa tundu kama mtu anaeziba nyumba yake. Ukiona maganda bado mabichi ujue mwenyewe yumo, unaingiza chuma taratibu, anakikamata, unamvuta. Miaka ile niko msichana bamvua moja lilikuwa linatosha mama kulipa deni la duka na sare za shule, pweza wengine tunawaanika kwenye kamba ya nguo. Mwaka juzi bamvua zima mtu unarudi na wawili watatu, wa kujaa kiganja. Kanuni zinakataza pweza chini ya gramu 500, tunajua, tumesomewa, lakini mama ambae nyumbani unga umeisha akishamshika wa gramu 300 na nyuma yake anakuja mwenzie na chuma, kweli atamrudisha tunduni?

Ndo tukakaa kikao chini ya mti wa mkungu. Wazo halikuwa letu peke yetu, tulisikia habari za Andavadoaka kule Madagaska, kijiji cha wavuvi kama sisi, 2004 walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa walipofungua wakakuta pweza wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Kisiwa Panza Pemba nao wakafanya. Sababu yake ni nyepesi, pweza anakua haraka sana, ukimpa miezi mitatu tu yule wa kiganjani anakuwa wa kilo na zaidi, maisha yake yenyewe mafupi, hayafiki hata miaka miwili. Na jike akishataga anabaki tunduni kulinda mayai, hali kitu mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Niliposikia hilo nilinyamaza kidogo, mana nimewavuta wangapi waliokuwa wamejikunja juu ya mayai.

Kikao hakikuwa rahisi Mheshimiwa, nisikudanganye. Bibi mmoja jirani yangu anayelea wajukuu watatu alisimama akauliza, "Miezi mitatu hiyo mimi nakula nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana tusifunge mwamba wote, tufunge upande mmoja tu, tuanze mwezi wa saba mpaka mwezi wa kumi, ingawa ndo kipindi ambacho korosho bado na hela hakuna mtaani. Bibi akasema sawa, lakini mkifungua mimi niwe wa kwanza kushuka. Tukampa hiyo ahadi mbele ya watu. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, muhtasari ukaandikwa na muhuri wa kijiji ukapigwa, tukaandaa sheria ndogo yetu tukaipeleka juu ipitishwe. Maboya tulitengeneza wenyewe kwa madumu ya mafuta ya kula tukayafunga na kamba na mawe, vijana wakaenda kuyaweka bila kulipwa hata mia.

Tulikaa miezi miwili na nusu hatuugusi. Kuna siku mwanangu wa pili alikuwa anaumwa na sina hela ya dawa, nimesimama pwani naliangalia lile boya la njano, maji yametoka, najua mle ndani wamo. Nikageuka nikaenda kukopa. Naelezea hili uelewe kwamba kufunga mwamba kwa mtu masikini ni kutoa chakula chake mwenyewe kinywani, hatukufadhiliwa na mtu, hatukupewa posho ya semina.

Sasa wiki mbili kabla ya kufungua, bamvua la usiku, tukaona tochi. Nyingi. Mashua yenye injini imetia nanga nje ya mwamba, watu wana tochi kichwani, wengine wanazamia na miwani. Vijana wetu wakaenda na ngalawa kuwauliza, wale watu walijibu vizuri tu bila kutukana, wakasema bahari ya serikali, leseni wanayo, kama kuna sheria inayokataza eneo hilo ionyesheni. Hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni muhtasari wa kijiji na rasimu ambayo iko kwenye faili mahali tangu mwezi wa tano. Tukapiga simu kuomba doria, tukaambiwa boti ipo mafuta hamna. Usiku wa pili wakarudi, wa tatu wakarudi. Walichukua wakubwa wakachukua na wadogo.

Siku ya kufungua tulishuka hivyohivyo mana ahadi ni ahadi, bibi akatangulia. Alizunguka zaidi ya saa nzima. Alipata mmoja, nilimwona anamtia kwenye kikapu alafu anakaa juu ya jiwe anaangalia maji, hakulaumu mtu. Mimi ndo niliyekuwa nimemshawishi. Tangu siku ile nikikutana nae njiani namsalimia yeye anaitikia vizuri kabisa na mimi ndo nashindwa kumtazama.

Kwahiyo Mheshimiwa ombi langu ni hili. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inaruhusu Mkurugenzi wa Uvuvi aingie makubaliano ya maandishi na BMU ili isimamie eneo lake. Neno hilo limo kwenye sheria zaidi ya miaka 20. Tunaomba vijiji vya Mtwara na Lindi vilivyo tayari vipewe hayo makubaliano, na sheria ndogo zikifika kwenye meza ya mtu ziwe na siku za mwisho za kujibiwa, kama kuna kosa turudishiwe turekebishe, zisikae tu. Sisi hatuombi kuimiliki bahari. Mgeni kuja kuvua huku ni jambo la siku zote, wazee wetu walikuwa wanaenda dago, kupiga kambi ya uvuvi, mpaka ng'ambo ya Ruvuma na wa huko wanakuja kwetu, wanapiga hodi kwa wenyeji, wanaonyeshwa pa kulala na pa kuvua. Tunaomba hodi irudi, na iwe na nguvu ya sheria, mana ya mdomo peke yake imeshindwa.

Najua kuna watakaokwambia wanavijiji hawawezi, ulinzi ni kazi ya vyombo vya dola. Mimi nimekulia kwenye mabomu ya kuvulia samaki. Utotoni tukisikia mlio kule nje tulikuwa tunakimbilia pwani kuokota samaki waliokufa, tunafurahi, hatujui kwamba wengi zaidi wamezama chini na matumbawe yamekuwa kifusi. Mwishoni mwa miaka ya 90 wanajeshi wa majini waliingia kwenye doria huku kusini na mabomu yakapungua kweli. Walipoondoka baada ya miaka michache yakarudi, mpaka ilipokuja kamatakamata kubwa ya miaka ya 2016 na 2017 ndo hali ikatulia tena. Siwadharau waliofanya hizo kazi, waliokoa vingi. Ila operesheni ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na sisi ambao nyumba zetu zinatazama mwamba tuko hapohapo, usiku ule wa tochi aliyeona wa kwanza ni mama aliyetoka nje kumsaidia mtoto kukojoa.

Na sisemi BMU ni malaika. Hapa kwetu mwenyekiti aliyepita alikuwa anajua nani anavuta juya, ule wavu wa kukokota, usiku na alikuwa anapewa cha juu, tumemtoa kwa kura. Wapo ndugu zetu wa damu wanaotanda dagaa kwa vyandarua mpaka vifaranga vya kila samaki vinaingia, na ukimsema shangazi yako usitegemee kualikwa kwenye harusi. Kwahiyo makubaliano yakija yaje na masharti na sisi tubanwe. Hesabu zibandikwe dikoni, pale samaki wanaposhushwa, kila mwezi, faini iliyotozwa na risiti yake, viongozi wachaguliwe na wavuvi na sio kuteuliwa. Mimi mhazini naanza, daftari langu liko wazi kwa yeyote anaetaka.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi ya yote na huwa halisemwi kwenye vikao. Kwenye haya makaratasi mvuvi ni mtu mwenye chombo, chombo kina namba, kina leseni, kinahesabika. Mama anaeshuka kwa miguu hana namba. Ukija kuhesabu wavuvi wa kijiji chetu utaandika wenye ngalawa na mashua na mabaharia wao, sisi tuliojaa mwambani asubuhi utadhani tulienda kutembea. Matokeo yake vikao vya BMU vinaendeshwa na wenye vyombo, na wenye vyombo pweza sio shida yao kubwa, shida yao bei ya petroli na nyavu. Na baharia nae asiye na chombo ni hivyohivyo, nyavu ya tajiri, injini ya tajiri, na samaki lazima amuuzie tajiri huyohuyo kwa bei ya tajiri, akitoka pale deni liko palepale. Tunaomba kwenye kila BMU wachokoa pweza na wachuuzi na mabaharia wawe na viti vyao vinavyojulikana na waandikishwe kama wavuvi. Mwaka 2014 nchi wanachama wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikubaliana ule mwongozo wa hiari wa uvuvi mdogo, unawataja wanawake wazi kabisa, na Tanzania ni mwanachama.

Hela nazo niziseme kidogo. Ushuru wa samaki unakusanywa hapahapa dikoni kwetu kila siku, alafu tukitaka lita 20 za petroli za kufukuza mwizi tunachangishana mia tano mia tano. Sehemu ya ushuru huo irudi BMU, hata ndogo, iandikwe ni ya doria. Na barafu jamani. Pweza akishatoka majini jua la saa sita linamkimbiza, mnunuzi anajua huna pa kumweka, anakaa kwenye pikipiki yake anasubiri uchoke. Korosho huku kwetu ina chama, ina ghala, ina mnada, mkulima anaweza kusema bei hii sitaki. Samaki wa masikini hana hata boksi la barafu. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ile ambayo Rais aliwekea jiwe la msingi Septemba 2023, tunaifurahia na tunaiombea, ni ya kuhudumia meli kubwa za bahari kuu. Chumba kimoja cha ubaridi kwa vijiji vitatu vinne vyetu kitahudumia pweza wa bibi.

Sijui barua hii itakufikiaje, binti yangu amesema wenye namba wataisambaza wasapu mpaka ifike. Ikifika, usitutumie tume wala mshauri mwelekezi kwanza. Njoo mwenyewe au mtume mtu bamvua, aje na viatu vya plastiki, ashuke na sisi saa nne asubuhi nimwonyeshe upande tuliofunga na boya moja lililobaki, mengine yalikatwa.

Tumekaa tena chini ya mkungu wiki iliyopita. Nilidhani hatakuja mtu. Walikuja, na bibi alikuja, akasema yuko tayari kufunga mara ya pili ila safari hii anataka kuiona karatasi kabla hajaacha kushuka. Tumepanga kufunga mwezi wa saba. Rasimu yetu imekamilika, nakala ninayo ndani kwenye sanduku, na ile ya mwanzo iko kwenye faili hukohuko juu.

Wako katika kazi,
Mhazini wa BMU, mchokoa pweza
Mtwara vijijini